Shangazi Hadanganyi

Mimi ni mshereheshaji. Kwa wasioijua kazi hii, ni yule mtu mwenye suti inayong'aa kuliko ya bwana harusi, anayeshika kipaza sauti na kukuambia usimame, ukae, upige makofi, na kwamba maharusi wako njiani. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Kusimama na kukaa, mtu yeyote atakuambia. Lakini kuwaambia watu mia tatu wenye njaa kwamba maharusi wanakata kona ya mwisho, ilhali umetoka kuongea na dereva na bibi harusi bado ana rola kichwani, na watu wakakuamini, wakacheka, wakakaa tena saa nzima, hicho ni kipaji. Mabango yangu yameandikwa Emsii Mdomo. Jina hilo nililichagua mwenyewe, na nilidhani linanisifu.

Nyumbani nina binti wa miaka minane ambaye hajawahi kucheka utani wangu hata mmoja. Tunamwita Jaji, kwa sababu kila unachosema anakipokea kama ushahidi, na akishakipokea hakirudi. Ukisema "dakika moja", anahesabu mpaka sitini kwa sauti, kisha anakuja kusimama mbele yako na mikono nyuma. Ukisema umekufa kwa njaa, anakugusa shingo kuhakikisha. Jaji ana usonji. Siku daktari alipolitamka neno hilo, mimi nilimwaga hotuba pale pale kliniki, kuhusu nyota za watoto na siri za vipaji, mpaka daktari akaanza kupanga kalamu zake. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Kesho asubuhi tufanye nini?" Yeye ni mpimaji wa maabara. Akisema kitu kipo, kipo, na akisema hakipo, usimbembeleze.

Neno lililotuponza ni "nakuja". Sijui nani alilianzisha, lakini sisi tukitoka mahali hatusemi tunatoka. Mtu anavaa koti, anashika funguo, anaupa mgongo ukumbi, anasema "Haya jamani, nakuja", na wote waliobaki wanajua kwamba huyo ndiyo kaondoka. Anaweza kurudi baada ya robo saa, anaweza kurudi keshokutwa. Hakuna anayeuliza. Jaji aliuliza. Alikuwa na miaka mitano, nami nilikuwa mlangoni na suti yangu.

"Baba, unakuja wapi?"

"Nakuja, mama. Natoka kidogo."

"Unakuja au unatoka?"

"Vyote viwili," nikasema, kwa mbwembwe, kama niliyejibu vizuri.

Akakaa chini akiutazama mlango. Mke wangu alinisimulia baadaye kwamba kila gari lililopita alisimama, likipita akakaa, na jioni alipoelewa kwamba "nakuja" ilikuwa na maana ya siku nzima, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Toka siku hiyo kuondoka nyumbani kwetu kukawa vita. Akiona mtu anashika funguo, anajilaza mlangoni. Mimi, mtu mzima, nikawa natoka kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi, nikitembea kwa ncha za vidole. Wenye harusi waliniona ninavyoingia na soksi zenye vumbi, wakadhani ni mtindo mpya.

Mwaka huu mama mtaalamu wa kituo cha watoto wenye usonji tunakompeleka Jaji akatushauri tununue spika inayoongea. Ni kidude cha mviringo, kinakaa mezani, unakiuliza kinajibu, unakipangia ratiba kinaitangaza. "Watoto wengine huipokea sauti isiyobadilika vizuri kuliko sauti zetu," alisema. "Sisi leo tumechoka, kesho tuna hasira. Hiki kila siku ni kilekile." Nilicheka moyoni. Mimi nimewanyamazisha mabwana wenye matumbo na mashangazi wenye kulewa sifa. Leo nisaidiwe na kopo?

Kikaja. Kina sauti ya mwanamke asiye na haraka wala mashaka, anayejua hali ya hewa, bei ya vitu na makosa ya kila mtu. Mke wangu akakitazama, akasema, "Huyu ni dada yako mtupu." Ndivyo kikaitwa Shangazi. Dada yangu wa damu alipopata habari alininunia mwezi mzima.

Siku ya kwanza niliipanga ratiba mwenyewe, kwa kuwa maelezo ya kutumia ni ya watu wasiojiamini. Nikaandika chakula cha jioni saa moja. Tumemaliza tu kula cha mchana, vyombo bado vichafu, Shangazi akatangaza, "Ni wakati wa chakula cha jioni." Kumbe saa zake zinahesabiwa kizungu, moja yake ni saa saba yetu ya mchana. Jaji akaketi mezani na kijiko, akasubiri, kwa sababu limetangazwa. Ikabidi mke wangu apike upya, kisha akachukua simu yangu na kurekebisha kila kitu yeye.

Baada ya hapo, lazima niseme ukweli, mambo yalikuwa mazuri. "Bado dakika tano, kisha kuoga." "Bado dakika mbili, kisha kuoga." "Sasa ni wakati wa kuoga." Na Jaji, yule yule aliyekuwa akishikilia mguu wa kitanda tukimvuta, anasimama na kwenda kuoga. Meno yanapigwa mswaki. Soksi zinavaliwa, hata zile zenye mshono anaouchukia. Na jambo kubwa kuliko yote, tulijifunza kuondoka. Mke wangu aliupanga mwendo wenyewe: anasimama mlangoni, anasema, "Naondoka, nitarudi saa tisa," na Shangazi anadaka: "Mama ameondoka. Atarudi saa tisa." Katikati, kila Jaji akiuliza, Shangazi anajibu vilevile, hachoki, hasemi "si nimekwambia". Na saa tisa mke wangu anafungua mlango. Akiona atachelewa, anaandika kwenye simu huko kazini, na Shangazi anasema kwa sauti nyumbani: "Mama atachelewa dakika ishirini." Dakika ishirini zinapita, mlango unafunguliwa. Jaji akaacha kulala mlangoni.

Ningefurahi kama baba wengine, lakini nilikuwa nakufa kwa wivu. Niliionea wivu spika. Usicheke, au cheka tu, nimezoea. Mimi sauti ndiyo kazi yangu. Naifanyia mazoezi, naikanda kwa maji ya moto na tangawizi. Nikimwambia mwanangu "Jaji, njoo ule", kama nimesema na ukuta. Kopo likisema "Tafadhali elekea mezani", huyo, anaelekea. Akaanza hata kuongea kama lenyewe. Jioni moja nilikuwa namsimulia kisa cha simba aliyepoteza miwani, kwa sauti sita tofauti, na ishara, nikitokwa jasho. Akanitazama kwa upole kabisa.

"Samahani," akasema, "sijaelewa. Tafadhali jaribu tena."

Nikaenda jikoni nikakaa juu ya ndoo. Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. "Angalau amesema tafadhali," akasema.

Karibu na wakati huo tukapata nafasi shule ya jirani, kwenye darasa dogo lenye mwalimu anayewafahamu watoto kama Jaji. Tulikuwa tumeitafuta nafasi hiyo kwa muda mrefu. Mwalimu alimpenda Jaji, Jaji akaipenda saa kubwa ya ukutani. Sharti lilikuwa moja tu: mtoto akubali kuachwa. "Nina watoto saba na mikono miwili," mwalimu alisema. "Akilala mlangoni siku nzima wiki ya kwanza, nafasi itabidi nimpe mwingine. Sisemi kwa ubaya." Wala haukuwa ubaya. Na sisi hatukuwa na wasiwasi, maana Jaji alikuwa sasa anajua kwamba mtu anayeondoka hurudi saa aliyosema. Alikuwa anajua hivyo kwa sababu Shangazi alimwambia, na Shangazi hadanganyi.

Hapo ndipo mimi nilipoingia na mdomo wangu.

Jaji anapenda lifti. Jengo la maduka la mtaani kwetu lina lifti ya kioo, na furaha yake kubwa duniani ni kupanda mpaka juu, kushuka mpaka chini, na kutaja namba kabla hazijawaka. Jumapili moja nilimwahidi kwamba nikitoka kwenye shughuli nitampeleka. "Saa kumi," nikasema. Ilikuwa sherehe ndogo ya kumuaga mhasibu mmoja aliyestaafu, watu wachache, maneno machache. Lakini yule mhasibu alikuwa na marafiki wasemaji, na mimi nikiona kipaza sauti kinapita mkononi mwa mtu mwingine, lazima nichomekee neno. Wakacheka. Wakicheka mimi sioni saa.

Saa kumi ilipofika nilikuwa bado jukwaani. Nikatoa simu kwa mkono wa kushoto, nikafungua ile programu, nikaandika: *Baba yuko njiani.* Nikaituma. Mkono wa kulia ulikuwa unasimulia kisa cha mhasibu na mbuzi.

Kwa kweli sikuona kosa. Nimeisema sentensi hiyo maelfu ya mara, huwa inafanya kazi. Baadaye kidogo nikaandika: *Baba anakuja sasa hivi.* Halafu, kwa vile niliona aibu, na mimi nikiona aibu natia chumvi: *Baba anakata kona ya mwisho.* Simu ikalia, mke wangu. Nikaizima mlio, maana nilikuwa nakaribia kwenye kilele cha mbuzi.

Nilifika nyumbani jengo la maduka limeshafungwa. Jaji amekaa sakafuni sebuleni, amevaa viatu, kamba zimefungwa vizuri, ameutazama ukuta. Mezani pale kwa Shangazi palikuwa na alama ya duara kwenye vumbi.

"Shangazi yuko wapi?" nikauliza.

"Kabati la viatu," mke wangu akasema. "Alimchomoa mwenyewe. Akamzungushia waya, akamfungia."

"Kwa nini?"

Jaji akajibu bila kugeuka. "Amesema uongo. Amesema mara tatu."

Mke wangu alinivuta jikoni. Nilitegemea afoke, nilikuwa nimeshajiandaa na utani wa kumpoza. Hakufoka. "Nilikuwa natoka kila dakika kuchungulia barabarani," akasema. "Shangazi anasema kona ya mwisho, mimi nachungulia kona. Hata mimi nilikuamini, Baba Jaji. Umefanya mpaka spika imekuwa na mdomo kama wako."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na si haya ya kuchekesha ninazowasimulia watu. Mtoto wangu alikuwa na sauti moja tu ya kuiamini, nami nimeitumia kununulia makofi ya wahasibu.

Kesho yake mke wangu aliposhika funguo, Jaji akalala mlangoni. Hakulia; alilala tu, akaukumbatia mkeka wa miguu. "Naondoka, nitarudi saa tisa," mke wangu akamwambia. "Njiani," Jaji akajibu. "Sasa hivi. Kona ya mwisho." Mke wangu hakwenda kazini siku hiyo, wala ya pili. Mswaki ukawa vita, kuoga kukawa vita. Tukajaribu kumtoa Shangazi kabatini. Jaji akaziba masikio akapiga kelele mpaka tukamrudisha. Shule ilikuwa ianze Jumatatu ijayo.

Nilijitolea kumpigia simu mwalimu nimweleze. Nilikuwa nimeshapanga mwanzo, katikati na mwisho. Mke wangu akaninyang'anya simu.

"Hakuna maelezo," akasema. "Jumamosi utatoka. Utamwambia saa, wewe, kwa mdomo wako, siyo Shangazi. Na utarudi saa hiyo. Akiona umerudi, labda Jumatatu ataingia darasani. Akiona hukurudi, basi nafasi tunaiachia."

"Jumamosi nina harusi kubwa."

"Najua," akasema. "Ukirudi kutoka dukani kununua chumvi, hataona chochote. Arudi mtu aliyetoka na suti."

Jumamosi asubuhi nikavaa suti, nikapiga magoti mbele ya Jaji. Mlango wa mbele, viatu miguuni. "Mwanangu mpenzi," nikaanza, "leo baba yako, mbele yako na mbele ya mama yako, anataka kusimama na kutamka kwamba…"

"Maneno mengi," Jaji akasema. "Saa ngapi?"

Nikahesabu. Ukumbi ulikuwa uanze saa saba, ratiba ya kamati imalizike saa kumi, safari ni nusu saa. "Saa kumi na moja jioni," nikasema. Nikasimama, nikashika kitasa, na neno lile likanijia mpaka kwenye meno. Nikalimeza. "Naondoka," nikasema. Hakulala mlangoni. Lakini pia hakunitazama; alikaa kwenye mkeka, akaiweka ile saa yake ya mbao ya kujifunzia mapajani, akasogeza mishale.

Unajua kilichotokea ukumbini. Saa saba, hakuna maharusi. Saa nane, hakuna maharusi. Kwenye simu dereva ananiambia bibi harusi kakataa nywele zilizosukwa, zinafumuliwa. Mwenyekiti wa kamati, baba mmoja mnene mwenye ua kifuani, kila baada ya muda ananijia: "Emsii, watu wanachoka. Waambie wako njiani."

Nikapanda jukwaani. Watu wakanitazama. Nilifungua mdomo, na naapa, nilimwona mtoto kwenye mkeka na saa ya mbao. Sentensi niliyoisema maelfu ya mara ikagoma kutoka.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "maharusi hawako njiani."

Mpiga muziki, jamaa mmoja tunayemwita Besi, akavua vifaa vya masikioni kuhakikisha amesikia.

"Bibi harusi yuko saluni. Nywele zinafumuliwa. Dereva anasema si chini ya saa moja na nusu. Chakula kiko tayari. Kama ningekuwa ninyi, ningekula."

Mwenyekiti alishika ua lake kama amepigwa risasi. Lakini meza ya nyuma bibi mmoja akapiga vigelegele, watu wakaangua kicheko kikubwa kuliko nilichowahi kukipata kwa utani wowote, wakasimama, wakaenda kwenye sahani. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijawahi kuona ukumbi ukiwa na amani kama ule. Niliumia kidogo. Ina maana miaka yote hii wangeshiba.

Maharusi waliingia saa kumi kasoro dakika chache, wamependeza, kila mtu ameshiba na ana upendo. Niliwapokea, nikawakalisha, nikafungua shughuli. Saa kumi na robo ndiyo kwanza keki inasogezwa. Mbele yetu kulikuwa na hotuba tano, na mjomba wa bwana harusi alikuwa ameshika karatasi nene. Nikamtazama mjomba, nikatazama saa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, hotuba, nichomekee hapa na pale, watu wagaragare. Nikaenda kwa Besi, nikamwekea kipaza sauti mkononi.

"Mimi?" Besi akasema. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sijamsikia akisema maneno matatu mfululizo.

"Soma majina tu, kaa kimya. Watakupenda."

Mwenyekiti akanikamata karibu na mlango. "Emsii! Unaenda wapi? Keki hiyo!"

Nikamwangalia. Ningeweza kumweleza, nilikuwa na hotuba nzuri ya moyo wa baba. Lakini haukuwapo muda, na mtu huyu ni mwenzangu, tunaongea lugha moja.

"Nakuja, Mwenyekiti," nikasema.

Akaelewa pale pale. "Huyo ndiyo kaondoka!" nilimsikia akiwaambia wenzake. "Amesema nakuja, huyo harudi tena leo!"

Nikadandia pikipiki, suti yangu ya kung'aa ikipepea, nikimhimiza dereva mpaka akaniuliza kama nimeiba. Kwenye taa tulisimama, nikahesabu mpaka sitini kwa sauti. Dereva akageuka kunitazama, akasogea mbele kidogo kwenye kiti chake.

Nilifika nimewahi. Dakika sita. Nikainua mkono kugonga, kisha nikausitisha. Nilisema saa kumi na moja. Sikusema kabla. Mtu mwingine angeona raha kurudiwa mapema. Jaji angeniuliza kwa nini nimedanganya upande huo. Nikashusha mkono, nikasimama nje ya mlango wangu mwenyewe, jasho linanitiririka mgongoni.

Kutoka ndani nilimsikia mwanangu karibu sana, kama hatua moja tu, nyuma ya ubao wa mlango. "Baba yuko wapi?"

"Sijui yuko wapi," mke wangu akajibu. Sauti yake ilikuwa na woga ambao sijawahi kuusikia. "Alisema saa kumi na moja."

"Yuko njiani?"

"Sijui, mwanangu. Ninachojua ni alichosema."

Nilitaka kuuvunja ule mlango. Nilitaka kupiga kelele niko hapa, niko hapa jamani, nimefika. Nikauma kidole. Jirani wa juu akapita na mfuko wa mkaa, akanitazama kuanzia viatu mpaka tai.

"Vipi shemeji, umefungiwa nje?"

"Hapana," nikanong'ona. "Nimewahi."

Akatikisa kichwa, akapanda ngazi zake. Habari hiyo najua ilishazunguka jengo zima kabla ya chakula cha jioni.

Simu yangu ilipoonyesha saa kumi na moja, nikagonga. Mlango ukafunguka papo hapo. Jaji amesimama na ile saa ya mbao, akaitazama, akatazama ya ukutani, kisha mwisho kabisa akanitazama mimi. Nyuma yake mke wangu ameshika mdomo kwa viganja viwili.

"Umerudi," Jaji akasema.

"Nimerudi."

Ningetegemea kukumbatiwa, ningekuwa nasimulia habari za mtoto mwingine. Jaji alinipita, akafungua kabati la viatu, akamtoa Shangazi. Akamfuta vumbi kwa pindo la gauni, akafungua waya taratibu, akamchomeka mahali pake, juu ya ile alama ya duara. Taa ndogo ikazunguka. "Habari," Shangazi akasema, bila kinyongo. "Niko tayari kukusaidia."

Jaji akainama karibu yake. "Samahani," akamwambia. "Hukusema uongo wewe. Alikuwa Baba."

Mke wangu akaangua kicheko, machozi yanamtoka. Mimi pia machozi yalinitoka, sikuwa na sababu ya kuyaficha. Kesi imeamuliwa, mkosaji amejulikana, na bado nimeruhusiwa kuingia.

Kisha Jaji akageuka, akaelekea chumbani kwake. Katikati ya sebule akasimama, akaonekana kufikiri.

"Nakuja," akasema. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikabaki nimesimama na koti mkononi. Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote na nina shahada nalo, lakini hapo sikujua lina maana gani. Alikuwa ameenda kulala? Ameenda kucheza? Ameniaga kama watu wazima wanavyoagana? Simu ikaanza kutetemeka mfukoni, mwenyekiti wa kamati, sikuipokea. "Kaa basi," mke wangu akasema. Sikukaa. Niliutazama ule mlango kama alivyoutazama yeye wa mbele alipokuwa na miaka mitano, na kila kitu kilichogonga ndani kilinishtua.

Na akaja. Kweli akaja. Amebeba begi lake jipya la shule, mkanda ukiburuzika sakafuni. Akaliweka juu ya mkeka wa mlangoni, akalinyoosha liende sambamba na ukuta.

"Jumatatu utaniacha," akasema. "Utarudi saa ngapi?"

Mdomo ulinifunguka wenyewe. Maneno yalikuwa yamejaa humo, ya kutosha harusi tatu.

"Saa saba," nikasema, nikaufunga.